Tumbo halingoji mlipuko uishe: namna ya kumpasua mgonjwa bila kueneza Ebola wala Corona

Mlipuko wa ugonjwa hauzuii utumbo kutoboka. Wakati Ebola ilipokuwa ikizunguka Mangina, Beni na Butembo, na baadaye Corona ilipofunga mipaka ya Goma na Bukavu, watu waliendelea kuugua apandisiti, ngiri iliendelea kukaba, na tifoide iliendelea kutoboa matumbo ya watoto. Wagonjwa hao walifika hospitali wakiwa na homa, kutapika na maumivu ya tumbo. Hizo ni alama zilezile ambazo mabango ya barabarani na matangazo ya redio yalikuwa yakisema ni za Ebola.

Mbele ya mgonjwa wa namna hiyo, makosa mawili yanamngoja mganga. La kwanza ni kumpasua haraka bila kujiuliza ana ugonjwa gani, na hivyo kuingiza virusi ndani ya chumba cha operesheni. La pili ni kuogopa na kumfukuza, au kumwacha kwenye hema la kutengwa hadi tumbo lijae usaha. Kosa la kwanza linaweza kuua waganga na wauguzi. La pili linaua mgonjwa ambaye angepona. Congo imeonja yote mawili, na ndiyo sababu nchi hii ina la kufundisha kuhusu njia iliyo katikati.

Somo la Kikwit

Kisa kinachojulikana zaidi duniani kilitokea hapa kwetu, katika mji wa Kikwit, mkoa wa zamani wa Bandundu. Tarehe 4 mwezi wa nne mwaka 1995, mfanyakazi mmoja wa laboratwari ya hospitali alianza kuugua homa na kuhara damu. Waganga walifikiri utumbo wake umetoboka, jambo la kawaida mahali ambapo tifoide ni nyingi. Tarehe 10 na 11 alipasuliwa. Kuanzia tarehe 14, watu waliomhudumia walianza kuugua mmoja baada ya mwingine, wakiwa na alama kama zake.

Mwanzoni wengi walidhani ni kuhara damu au tifoide kali isiyosikia dawa. Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyekuwa ameiona Ebola kule Yambuku mwaka 1976, alikuwa kati ya walioshuku kwamba kuna jambo lingine. Damu ya wagonjwa ilipelekwa ngambo, na mwanzoni mwa mwezi wa tano laboratwari ya Marekani ikathibitisha: ilikuwa Ebola. Mlipuko ule uligusa watu 315, na wanne kati ya kila watano hivi walikufa. Wahudumu wa afya karibu 80 waliambukizwa. Kati ya waliokufa walikuwa masista sita Waitalia wa shirika la Bergamo.

Kikwit haikuwa na waganga wabaya. Utumbo uliotoboka kwa kweli unahitaji kupasuliwa, na kwa alama walizoziona, uamuzi wao ulieleweka. Kilichokosekana ni mambo madogo: glovu za kutosha, maji, vazi lisilopitisha damu, na desturi ya kujiuliza kabla ya kushika kisu kama homa hii inaweza kuwa kitu kingine. Vifaa vilipofika na wahudumu walipofundishwa kuvitumia, maambukizi kati yao yalipungua sana, ijapokuwa wakati huo hapakuwa na chanjo wala dawa.

Kwa nini tumbo linadanganya

Siku za kwanza, Ebola haitoi damu kama wengi wanavyofikiri. Inaanza na homa, uchovu, kichwa kuuma, viungo kuuma. Kisha kunakuja kutapika, kuhara na maumivu ya tumbo. Kuna wagonjwa ambao tumbo lao huuma na kukaza kiasi kwamba mganga anayelibonyeza anafikiri ni apandisiti. Wagonjwa wengine hawatoki damu hata kidogo hadi mwisho.

Tifoide nayo inaanza polepole kwa homa, na utumbo hutoboka mara nyingi katika wiki ya tatu ya ugonjwa. Malaria kali inaweza kuleta kutapika na tumbo kuuma. Corona nayo, ijapokuwa inajulikana kama ugonjwa wa mapafu, iliwaletea wagonjwa wengine kuhara na kichefuchefu kabla ya kikohozi. Kwa hiyo macho na mikono peke yake havitoshi kutofautisha.

Hatari hii haikuishia mwaka 1995. Mwaka 2014, mlipuko ulipokuwa mkali Afrika Magharibi, daktari mpasuaji Martin Salia aliambukizwa Sierra Leone na kufa alipokuwa amepelekwa Marekani kutibiwa. Mwaka 2022 nchini Uganda, katika mlipuko wa aina ya Ebola iitwayo Sudan, mganga kijana Mtanzania aliyekuwa akisomea upasuaji alikufa baada ya kuambukizwa. Na mwezi wa tisa mwaka 2025, mlipuko wa Ebola ulipotangazwa Bulape, mkoa wa Kasai, wahudumu wa afya walikuwa tena kati ya waliougua mapema.

Kumfukuza mgonjwa nako ni kuua

Mtu akisikia visa hivyo anaweza kusema: basi, tusipasue mtu yeyote hadi mlipuko uishe. Lakini mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri ulitangazwa tarehe 1 mwezi wa nane mwaka 2018 na ukamalizika tarehe 25 mwezi wa sita mwaka 2020. Ni karibu miaka miwili. Uliwagusa watu 3,470, na 2,287 kati yao walikufa. Hakuna ngiri iliyokaba inayoweza kungoja miaka miwili.

Ngiri ikikaba, yaani utumbo ukinaswa kwenye tundu na kukosa damu, sehemu hiyo inaweza kuanza kufa baada ya saa chache tu. Apandisiti ikipasuka, usaha unamwagika tumboni. Utumbo wa tifoide ukitoboka, kinyesi kinaingia mahali pasipotakiwa, na kila saa inayopita inapunguza nafasi ya mgonjwa kupona. Magonjwa hayo yanatibika. Mgonjwa aliyekufa nayo kwa sababu mlango wa hospitali ulifungwa haandikwi kati ya waliokufa na Ebola, lakini mlipuko ndio uliomwua.

Sierra Leone ilipopigwa mwaka 2014, hesabu zilizofanywa hospitalini zilionyesha kwamba operesheni kubwa zilipungua karibu kwa nusu katika miezi michache. Magonjwa yale ya tumbo hayakuwa yametoweka. Hospitali nyingine zilifungwa, wahudumu walikuwa na hofu, na wagonjwa wenyewe waliogopa kwenda.

Kwa Corona ilikuwa hivyohivyo, kwa kiasi kikubwa zaidi. Mwaka 2020 watafiti wa upasuaji kutoka nchi nyingi walikadiria kwamba operesheni milioni 28 hivi zingeahirishwa au kufutwa duniani katika wiki 12 za kilele cha ugonjwa. Watafiti haohao waliwafuatilia wagonjwa 1,128 waliopasuliwa wakiwa na Corona, katika nchi 24. Karibu mmoja kati ya wanne alikufa ndani ya siku 30, na nusu walipata shida ya mapafu. Maana yake ni kwamba kupasua mtu mwenye virusi vile bila sababu ya lazima kulikuwa hatari kwa mgonjwa mwenyewe, wala si kwa mganga tu. Baadaye utafiti mkubwa zaidi ulionyesha kwamba ni vizuri kungoja angalau wiki saba baada ya Corona, ikiwa ugonjwa wa tumbo unaruhusu kungoja.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Kazi yote ya mganga wakati wa mlipuko inaanza kwa kutenganisha ugonjwa unaoweza kungoja na ule usioweza.

Nini kingoje, nini kisingoje

Ngiri inayotoka na kurudi bila maumivu inaweza kungoja. Mawe ya nyongo yasiyoleta homa yanaweza kungoja. Bawasiri inaweza kungoja. Lakini ngiri iliyokaba, utumbo uliofungana au kujisokota, utumbo uliotoboka, na kidonda cha tumbo kinachotoa damu bila kukoma havingoji. Saratani ya utumbo iko katikati: inaweza kungoja wiki chache, lakini ikisahauliwa kwa miezi mingi, mgonjwa anarudi akiwa hawezi tena kupasuliwa.

Kwa apandisiti isiyopasuka kuna njia nyingine. Mwaka 2020, utafiti uliofanywa Marekani kwa watu wazima 1,552 ulionyesha kwamba kati ya waliotibiwa kwa antibiotiki peke yake, saba kati ya kumi walikuwa bado hawajahitaji kisu baada ya siku 90. Watatu walihitaji. Hiyo si njia ya kujitibu nyumbani kwa vidonge vya sokoni. Ni njia ya mgonjwa aliyelazwa, anayeangaliwa mara kwa mara, na anayeweza kupelekwa kwenye chumba cha operesheni usiku huohuo akizidiwa. Lakini katika siku ambazo matokeo ya laboratwari hayajafika, inampa mganga nafasi ya kupumua.

Saa mbili ambazo hazipotei

Watu wengi wanafikiri kwamba kumpima mgonjwa kabla ya operesheni ni kumchelewesha. Kwa magonjwa mengi ya tumbo si hivyo. Mtu ambaye utumbo wake umetoboka amepoteza maji mengi mwilini, presha yake imeshuka, na mikrobe imeingia katika damu. Akilazwa usingizi katika hali hiyo, anaweza kufa mezani kabla hata ya kisu kufika tumboni. Kwa hiyo, hata bila mlipuko wowote, sharti kwanza atundikiwe seramu, apewe antibiotiki kupitia mshipa, awekewe mpira wa puani wa kutoa maji ya tumbo, na mkojo wake upimwe hadi uanze kutoka vizuri. Kazi hiyo huchukua saa mbili au zaidi.

Mashine ya GeneXpert, ambayo hospitali nyingi zinaijua kwa kupima kifua kikuu, ilitumiwa Beni, Butembo na Goma kupima Ebola, na inatoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi. Mahali ambapo mashine iko karibu, damu ikichukuliwa mapema, na ikichukuliwa na mtu aliyevaa vizuri, jibu linaweza kufika wakati mgonjwa anakuwa tayari kupasuliwa. Saa zile hazipotei kwa mgonjwa wala kwa timu.

Hata hivyo kuna sharti moja ambalo halifai kusahauliwa. Kama alama zilianza chini ya siku tatu zilizopita, jibu linalosema hakuna Ebola halijakamilika, kwa kuwa virusi vinaweza kuwa bado vichache katika damu. Kipimo kinatakiwa kurudiwa. Ikiwa operesheni haiwezi kungoja kipimo cha pili, timu inapasua ikiwa imevaa kana kwamba jibu ni ndiyo.

Na ikiwa jibu kweli ni ndiyo? Kwa kawaida kisu kinawekwa chini. Mara nyingi maumivu yale ya tumbo yanaletwa na virusi vyenyewe, damu ya mgonjwa haigandi vizuri, na kumfungua tumbo kunaweza kumwua. Njia yake ni kituo cha matibabu ya Ebola, ambako leo kuna dawa mbili za kingamwili zilizojaribiwa hapa Congo mwaka 2018 na 2019. Moja kati yake ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola kule Kikwit mwaka 1995.

Maswali ya mlangoni

Kabla ya mashine kuna ulimi. Mahali pa kupokea wagonjwa, maswali machache yanaokoa maisha ya watu wengi. Homa ilianza siku gani, kabla ya maumivu ya tumbo au baadaye? Je, mgonjwa alizika mtu wiki tatu zilizopita? Je, kuna mtu aliyekufa nyumbani bila kujulikana sababu? Alitibiwa wapi kwanza, na je, alichomwa sindano kule? Alitoka kijiji gani?

Mpangilio wa alama unasema mengi. Mtu aliyebeba gunia, akasikia maumivu ghafla, na ana uvimbe kwenye kinena usiorudi ndani, bila homa na bila kukutana na mgonjwa yeyote, huyo ana ngiri iliyokaba na anatakiwa kupasuliwa haraka, timu ikiwa imejikinga. Mtu ambaye homa ilimshika siku tano kabla ya tumbo kuuma, na ambaye alimhudumia shangazi aliyekufa, ni jambo jingine kabisa.

Katika mlipuko wa Beni na Butembo, watu wengi waliambukizwa wakiwa wanatafuta matibabu ya malaria na tifoide katika vituo vidogo, ambako vitanda vilikuwa vimebanana na mgonjwa wa Ebola alilala karibu na wengine bila mtu kujua. Mtu anayezunguka vituo vitatu kabla ya kufika hospitali kuu anakuwa amepoteza siku zake, na njiani anaweza kuokota ugonjwa ambao hakuwa nao.

Ndani ya chumba cha operesheni

Kuhusu operesheni yenyewe, kanuni zinazotumika si za siri, na nyingi hazihitaji pesa nyingi. Watu wanaoingia wawe wachache: mpasuaji, msaidizi, mwenye kutoa vyombo, mwenye dawa ya usingizi, na mmoja wa kuzunguka. Wanafunzi wanabaki nje. Mpasuaji awe yule mwenye uzoefu kuliko wote, kwa sababu mkono uliozoea unamaliza haraka na haujichomi.

Glovu zinavaliwa jozi mbili. Gauni liwe lisilopitisha maji, au chini yake kuwe na aproni ya plastiki. Macho yafunikwe. Miguuni viatu vya mpira, si sandale. Kisu na sindano havipitishwi kutoka mkono hadi mkono: mmoja anaweka kwenye sahani, mwingine anachukua. Kwa kufunga ukuta wa tumbo, sindano yenye ncha butu inatosha na inapunguza sana kutoboka kwa glovu. Sindano iliyotumika hairudishwi kwenye kifuniko chake.

Dawa ya usingizi nayo inachaguliwa kwa akili. Kuingiza mpira kooni kunamfanya mgonjwa akohoe na kutawanya matone, jambo la hatari kwa Corona na kifua kikuu. Kwa ngiri na operesheni nyingine za chini ya kitovu, sindano ya mgongoni inaweza kutosha, na mgonjwa anabaki na barakoa yake usoni. Chombo cha umeme cha kuzuia damu kinatoa moshi. Kinawekwa nguvu ndogo, na moshi unavutwa kwa mpira wa kunyonya.

Ndani ya tumbo, mpasuaji anachagua kazi fupi na ya hakika. Wakati mwingine ni salama zaidi kutoa utumbo nje kwa muda kuliko kuuunga ukiwa mchafu, kwa sababu kiungo kikiachia, mgonjwa atarudi mezani mara ya pili. Lakini chaguo hilo lina bei yake: mifuko ya kupokea kinyesi ni vigumu kupatikana katika wilaya zetu, na jamaa wanatakiwa kufundishwa kuosha kidonda bila kujiambukiza.

Wakati wa hatari zaidi unakuja mwishoni, kila mtu akiwa amechoka na anataka kutoka. Kuvua nguo zenye damu ndiko kunakoambukiza wengi. Kila mtu anavua polepole, kwa mpangilio, akiangaliwa na mwenzake anayemwambia kila hatua, na mikono inaoshwa kati ya kitu kimoja na kingine. Vyombo vinalowekwa katika maji ya klorini, vinaoshwa, kisha vinachemshwa kwa mvuke. Vitambaa vyenye damu na kiungo kilichotolewa havitupwi shimoni tu: vinachomwa au kuzikwa ndani kabisa.

Aliyejichoma anaosha kwa maji na sabuni, kisha anasema saa ileile. Akificha kwa hofu ya kutengwa, anapoteza nafasi ya kuchanjwa na kufuatiliwa kwa siku 21. Kwa Ebola ya aina ya Zaire, ile inayotupiga mara nyingi hapa Congo, chanjo ya Ervebo ipo, na wakati wa mlipuko wa 2018 hadi 2020 watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Mhudumu wa chumba cha operesheni anatakiwa kuwa kati ya wa kwanza.

Kazi ya jamaa, kazi ya serikali

Jamaa wanaomchunga mgonjwa wana sehemu yao. Kuficha kifo kilichotokea nyumbani, au kusema uongo kuhusu safari, kunaweza kuonekana kama kumkinga mgonjwa asipelekwe kutengwa. Kwa kweli kunamnyima uamuzi mzuri. Mganga anayejua ukweli anaweza kumpasua akiwa amejikinga. Mganga aliyedanganywa akigundua katikati ya kazi, kesho yake chumba kizima kinafungwa, na mgonjwa anayefuata atakosa mahali pa kwenda.

Waliopona Ebola nao wana haki ya kupasuliwa. Mtu aliyepona anaweza kuugua apandisiti kama mwingine yeyote, na cheti chake cha kupona hakifai kuwa sababu ya kumrudisha nyumbani. Timu inajikinga, inauliza kituo kinachowafuatilia waliopona, na inafanya kazi.

Upande wa serikali na wanaosaidia, kuna jambo ambalo wauguzi wanalijua vizuri. Mlipuko ukitangazwa, glovu, klorini na viatu vya mpira vinafika kwa malori. Ukitangazwa kwisha, malori yanaondoka. Lakini Kikwit inaonyesha kwamba mgonjwa wa kwanza huingia chumba cha operesheni kabla ya tangazo lolote. Wakati ule hakuna hema, hakuna timu kutoka Kinshasa, hakuna mabango. Kuna mpasuaji wa zamu, muuguzi wake, na stoo ya hospitali jinsi ilivyo usiku ule.

Kwa hiyo kinga ya kweli ni ile ya siku za kawaida: maji yanayotoka kwenye bomba la chumba cha operesheni, jozi mbili za glovu kwa kila anayepasua, sahani ya kupokea kisu, na swali moja linaloulizwa kwa kila mgonjwa mwenye homa na tumbo linalouma, hata mwaka ambao hakuna anayetaja Ebola.

Kwa wakaaji, alama za kutongoja ni hizi: tumbo kuwa gumu kama ubao, kutapika bila kukoma, kukosa kujisaidia na kukosa kutoa hewa, uvimbe wa kinena unaouma na usiorudi ndani, au mtoto aliyekuwa na homa ya wiki mbili ambaye ghafla anazidiwa na tumbo kujaa. Mwenye alama hizo apelekwe hospitali yenye chumba cha operesheni siku ileile, mlipuko uwepo au usiwepo, na anayemsindikiza aseme ukweli wote mlangoni.